MKATABA WA WALIO NJE YA GETI



Desturi yetu katika karatasi hii ni kuandika habari za mishahara, nyumba, saa za ziada na viatu vya kazi, na hayo hatuyaachi. Lakini safari hii twataka kusema juu ya watu ambao si wanachama wetu, wala hawana kadi ya chama chochote. Nao ni wale wanaokaa ng'ambo ya seng'enge pale tunapofanya kazi. Wengine wao ni mama zetu na ndugu zetu.

Sababu ya kusema sasa ni hii. Reli mpya ya njia pana, ile iliyofika Nairobi mwaka 2017 na Naivasha mwaka 2019, Serikali imesema itaendelezwa mpaka Kisumu, kisha Malaba. Tena mwaka 2025 Serikali ilitangaza ya kuwa kinu cha umeme wa nyuklia, ambacho watu wa Uyombo kule Kilifi walikipinga, sasa kinaelekezwa Siaya, kwenye ufuo wa ziwa letu. Mambo haya yanapotajwa barazani watu hupiga makofi, halafu huuliza swali moja tu: "Je, vijana wetu watapata kazi?" Yule aliyesimama mbele hujibu, "Watapata." Basi mkutano umekwisha, watu waenda zao nyumbani.

Sisi twasema jibu lile halitoshi. Kama mwajiri angetujibu hivyo tunapodai nyongeza, katibu wetu angefunga faili lake na kuondoka. Sisi hatukubali neno la mdomo. Twaandika mkataba wa pamoja, kila upande unatia sahihi, kisha mkataba unapelekwa kuandikishwa katika Mahakama ya Kazi, kama isemavyo Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007. Tangu hapo mwajiri akivunja neno lake tuna mahali pa kumshtaki. Wazee husema ahadi ni deni. Lakini deni lisiloandikwa atalidai nani, na atalidai wapi? Sisi tuliosoma shule za misheni twaijua habari ya Yakobo kwa Labani. Alitumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli, kulipokucha akakuta kwamba amepewa Lea, na kwa kuwa mapatano yao yalikuwa ya mdomo, ikambidi atumike miaka 7 mingine.

Sasa jirani yetu wa nje ya geti hana hata kipande cha karatasi. Yeye ndiye anayetoa shamba, njia ya ng'ombe, kisima, na pahali pa kuanikia omena. Yeye ndiye anayekula vumbi la kokoto. Naye apewa hotuba.

Tazameni mambo ya hapa hapa kwetu, wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1999 ilianza kazi ya kujenga mtambo wa umeme wa maji wa Sondu-Miriu, kwa mkopo wa Japani. Maji yanachukuliwa mtoni, yanapitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6, halafu yanashushwa upande wa Nyakach na kuzungusha mitambo ya megawati 60. Mtambo ulianza kutoa umeme mwaka 2007 na 2008, na maji yale yale yakitoka hapo hufanya kazi mara ya pili pale Sang'oro, megawati 21, tangu mwaka 2012. Ni kazi nzuri ya ufundi, hatuikatai. Lakini kazi ilipoanza, wenyeji walilalamika juu ya fidia, juu ya vumbi, juu ya namna watu wanavyoandikwa kazi, na juu ya maji ya mto wao. Kelele zikafika mpaka Japani. Ndipo mwaka 2001 ikaundwa kamati ambamo wenyeji walikaa pamoja na wenye mradi kuzungumza habari za fidia, ajira na mazingira.

Twaisifu kamati ile, maana ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza ilikuja baada ya kazi kuanza, yaani baada ya watu kwisha kupoteza nguvu yao ya kusema hapana. Tena kamati ni mahali pa kusemea, si mkataba. Mtu asema neno lake, linaandikwa katika kumbukumbu za mkutano, chai inakunywewa. Na umeme wa mtambo kama huu huingia katika gridi ya taifa, kwa hiyo kukaa karibu na mtambo si sawa na kuwa na taa. Nyaya kubwa hupita juu ya boma la mtu zisishuke. Anayetaka zishuke lazima aandike hivyo mapema, kijiji kwa kijiji na tarehe kwa tarehe.

Habari ya pili ni ya kinamasi cha Yala, na hii inafaa kuangaliwa sana, maana kulikuwako karatasi na sahihi. Mwaka 2003 kampuni ya Wamarekani, Dominion Farms, ilipatana na Mabaraza ya Wilaya ya Siaya na Bondo, wakapewa kinamasi kiasi cha hekta 6,900 kwa miaka 25 walime mpunga. Kulikuwa na ahadi za kazi, na za kutengeneza shule na zahanati. Lakini aliyetia sahihi ni nani? Ni mabaraza, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilisema ardhi ile iko mikononi mwa mabaraza kwa niaba ya wananchi. Mama aliyekuwa akikata mafunjo ya kusuka mikeka, mzee aliyekuwa akichunga pale wakati wa kiangazi, hao hawakuwa upande wa mkataba. Wakaanza kulia maji yamefunika mashamba na malisho yamefungwa, wakaambiwa waende barazani. Haya, mwaka 2013 mabaraza ya wilaya yakafutika, zikaja serikali za kaunti. Mwaka 2017 kampuni nayo ikafunga kazi na kuondoka, miaka 25 haijatimia. Mtia sahihi mmoja amekufa, wa pili amekwenda zake, na watu wa kinamasi wako pale pale. Kisha ardhi ikatafutiwa kampuni nyingine.

Basi swali la kwanza katika mkataba wa namna hii si pesa ngapi. Ni nani anatia sahihi. Chifu ni mtu wa Serikali. Mbunge na mjumbe wa kaunti ni watu wa miaka mitano. Sisi twaonelea ya kuwa watu wa mahali wachague wajumbe wao kwa kura, kama tunavyochagua wasimamizi wa kazi katika chama, na wajumbe hao wasitie sahihi mpaka mkataba usomwe hadharani kwa Kiswahili na Kijaluo, au kwa lugha nyingine ya mahali, na watu waukubali. Mkataba ulioandikwa Kiingereza kitupu na kusomwa na wakili mmoja katika hoteli ya Nairobi, huo ni wa wakili.

Sasa tufike penye haya yetu. Mwezi Februari 2021, huko Kibos, jamii ya Wanubi, wazao wa askari wa KAR, walivunjiwa nyumba zao usiku kwa ajili ya kukomboa ardhi ya reli. Zaidi ya watu 3,000 walilala nje. Wazee wao walikuwa wamekaa pale tangu zamani za Waingereza. Wakati ule reli ya zamani ya Nakuru mpaka Kisumu ilikuwa ikifufuliwa, na bandari ikitengenezwa, nasi watu wa reli tulikuwa na furaha. Miaka mingi tulikuwa tumeona nyasi zikiota katikati ya mataruma. Mwezi Desemba 2021 garimoshi la abiria likarudi Kisumu, watu wakaimba stesheni. Nasi tuliimba. Hatukuendesha mabuldoza sisi, wala hakuna aliyetuuliza. Lakini chama chetu hakikutoa hata barua moja ya kuwauliza wakubwa: hawa watu watakwenda wapi? Tulisema moyoni kwamba hayo ni mambo ya ardhi, si mambo ya kazi. Twaungama ya kuwa tulikosea.

Maana reli hii yenyewe ilianza hivyo. Mwingereza alipoleta njia kutoka Mombasa, alitwaa kwa amri ukanda wa maili moja kila upande, bila ya kumwuliza mwenye shamba, na mwezi Desemba 1901 njia ikafika hapa ziwani, mahali walipopaita Port Florence. Ni zaidi ya miaka 120 sasa. Ikiwa njia mpya itakuja kwa desturi ile ile, tofauti itakuwa ni upana wa reli tu.

Wako wanachama watakaosema: sheria ipo. Ndiyo, ipo, lakini isomeni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 66, inaagiza Bunge litunge sheria ili miradi ya wawekaji mali iwafaidie wenyeji na uchumi wao. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa Serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa wenyeji. Kanuni za mwaka 2017 zinamlazimu mwenye leseni kubwa ya madini aandikiane mkataba na wenyeji na kutumia kwa ajili yao kila mwaka si chini ya asilimia moja ya mapato yake ya kuuza madini. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inawatengea wenyeji asilimia 5 ya mrabaha wa mvuke wa ardhini. Ni vizuri. Lakini njia ya reli si madini, na bandari haitoi mrabaha wa mvuke. Mtu wa Muhoroni ambaye garimoshi litapita katika shamba lake hapati fungu katika hizo zote; yeye atalipwa fidia ya udongo, basi. Tena hata pale sheria iliposema wazi, watu wa Kwale walilalamika miaka mingi kwamba fungu lao la asilimia 10 halijawafikia, na mgodi wao mkubwa ukafungwa mwezi Desemba 2024. Kwa hiyo tusingoje Bunge. Mahali sheria ilipo mkataba huongeza, na mahali isipokuwapo mkataba huanza.

Na jambo hili si ndoto. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, mwaka 2001, kampuni moja ilitaka kujenga mahoteli na majumba ya michezo karibu na uwanja wa Staples Center. Majirani walikuwa watu maskini, wapangaji, wengi wao wageni kutoka nchi jirani. Wakaungana katika umoja wa vyama zaidi ya 30, na ndani ya umoja ule vilikuwamo vyama vya wafanyakazi, kama kile cha watu wa hoteli. Kampuni ilihitaji ruhusa ya halmashauri ya mji, nayo ilijua kwamba vyama vya kazi vikisimama pamoja na majirani kuipinga, ruhusa itachelewa. Basi wakakaa mezani. Kampuni ikatia sahihi: si chini ya dola milioni moja kwa viwanja vya mapumziko, nyumba 20 katika kila 100 ziwe za bei ya mtu mdogo, wenyeji waitwe kwanza kazi zinapotangazwa, na shabaha iwe kazi 70 katika kila 100 zilipwe mshahara wa kumtosha mtu kuishi au ziwe chini ya mkataba wa chama. Majirani nao wakatoa chao: waliahidi kutoupinga mradi. Hayo ndiyo mapatano, nipe nikupe, na kila mmoja ana kitu cha kudai.

Jambo la kushika katika habari ile ni saa yenyewe. Walifanya hayo kabla ya ruhusa kutoka. Hapa kwetu mradi mkubwa hauwezi kuanza bila leseni ya NEMA, na kabla ya leseni lazima watu wasikilizwe. Saa ya kuandikiana ni hiyo. Tingatinga likisha kushushwa kutoka kwenye lori, mwenye mradi hana tena haja na sahihi ya mtu. Sisi wa njia twalijua jambo hili kwa kazi yetu: kwenye njia moja dereva haondoki stesheni mpaka awe na ruhusa yake, hata akiona mbele ni kweupe.

Habari ya kazi twataka kuieleza kidogo, kwa kuwa hapo ndipo watu hudanganyika sana. Kazi za kujenga ni nyingi lakini ni za miaka michache, na nyingi ni za kibarua. Kazi za kuendesha ni za kudumu lakini ni chache, nazo zataka cheti. Mtu wa kijijini akiambiwa "ajira 1,000" hudhani ni mambo ya kudumu. Mkataba useme wazi: kazi ngapi za kujenga, ngapi za kuendesha, na ni kwa ujuzi gani. Tena vijana wapelekwe kufundishwa tangu sasa, miaka miwili mitatu kabla, ili siku ya kutafuta mafundi wa mitambo na watu wa ishara asisimame mtu kusema wenyeji hawana ujuzi. Na vibarua wasitupwe kila baada ya wiki chache na kuandikwa upya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Wanyapara wanaijua sheria hii sana, ndiyo maana wanawapumzisha watu siku ya 28.

Hapa tumesikia mnong'ono miongoni mwa wenzetu, nasi tutaujibu. Wasema: tukisaidia kuandika kwamba wenyeji watangulie, je, sisi tuliohamishwa kutoka Voi, au Nakuru, au Eldoret tutafukuzwa Kisumu? Neno hili si la kupuuzwa. Tumewaona watu wa siasa wakilitumia neno "mwenyeji" kama rungu. Kwa hiyo mkataba lazima ueleze mwenyeji ni nani, na sisi twataka aelezwe hivi: ni yule ambaye mradi unamwondolea shamba, nyumba, maji au riziki, au anayekaa katika kata ambamo mradi unapita. Kabila lake lisiandikwe mahali popote. Mnubi wa Kibos ni mwenyeji. Mluhya anayeuza mboga Kisian ni mwenyeji. Na mfanyakazi wa kudumu aliyehamishwa kwa kazi asiguswe, maana ana mkataba wake mwingine. Kama hatutaliandika sisi, wengine wataliandika kwa kalamu mbaya.

Wengine husema wenye mali watakimbia. Watakimbilia wapi? Ziwa haliwezi kuhamishwa kwenda Nakuru. Njia mpya ya kwenda Malaba imepangwa kupita huku. Kinachowatisha wenye mali ni watu kufunga barabara katikati ya kazi, na watu hufunga barabara kwa sababu hawana karatasi ya kupeleka mahakamani. Pale Uyombo mwaka 2024 wananchi na polisi walipambana kwa ajili ya kinu ambacho hata msingi wake haujachimbwa. Juu ya kinu chenyewe, wanachama wana mawazo mbalimbali, wengine wanaogopa juu ya samaki na maji ya kunywa, nasi hatutaki kuyaamua hayo katika ukurasa huu. Lakini mwenye kukikubali na mwenye kukikataa wote wanahitaji meza yenye mkataba juu yake, maana mkataba wa kweli unaweza pia kusema hapana.

Na uandikwe mwisho wake. Sisi wa Kisumu tumezika viwanda vingi. Kiwanda cha molasi cha karibu na Kisian kilianza kujengwa miaka ya 1970, kikakwama miaka ya 1980, vyuma vikasimama miaka kwa miaka wakati wenye mashamba wa zamani wakivitazama. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kilifungwa. Sukari ya Miwani ilifungwa. Kila mara mlinzi alibaki getini, na hakuna aliyejua ardhi ni ya nani sasa. Mradi ukifa au ukiuzwa, mkataba uwafuate wanunuzi, na ardhi isiyotumiwa ijulikane itamrudia nani.

Basi twaomba mambo haya. Katibu wa tawi aliweke jambo hili katika mkutano mkuu ujao, wala lisiwe mwishoni wakati watu wanatazama saa. Chama kimwombe wakili wetu, yule yule anayetuandikia mikataba ya pamoja, atoe siku chache kuwasaidia watu wa kando ya njia kuandika ya kwao. Gharama yake tutaichangia, sisi wa gangi tumekwisha kukubaliana kila mtu shilingi 200. Chama kiandike barua kwa wenye reli mpya kuuliza njia itapita vijiji gani, na nakala ibandikwe stesheni. Na wale wanachama ambao kwao ni Kibos, Miwani, Chemelil, Muhoroni au Koru walete majina ya vijiji vyao kwa mwakilishi wetu kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na jina la mtu mmoja wa huko ambaye watu humsikiliza, asiwe chifu.

Ni sisi wenzenu,
Gangi la Njia, Kisumu